Damu ya pande mbili: upimaji wa selimundu na ushauri nasaha, kuanzia Miono

Selimundu, ambayo mitaani huitwa zaidi siko seli, ni ugonjwa wa kurithi unaobadili umbo la chembe nyekundu za damu. Chembe ya kawaida ni laini na ya mviringo, hupenya hata kwenye mishipa myembamba kabisa, na huishi siku 120 hivi. Chembe iliyojaa himoglobini aina ya S, ikipungukiwa oksijeni, hujikunja, hukakamaa na kukwama njiani, na mara nyingi haifikishi siku 20. Kwa sababu hiyo mgonjwa huishiwa damu, macho yake hugeuka manjano, na maumivu makali ya mifupa humshika ghafla bila kuanguka wala kupigwa. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu Tanzania kila mwaka. Nchi zinazoizidi kwa idadi hiyo ni chache, zikiwemo Nigeria, India na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Miono ni kata ya Halmashauri ya Chalinze, upande wa bara wa Bagamoyo, kwenye njia inayotoka Mandera kuelekea Saadani. Wenyeji wake ni Wakwere na Wazigua pamoja na majirani zao Wadoe, na siku hizi wanaishi na wafugaji na wakulima waliohamia kutoka mikoa mingine. Ni nchi ya joto, mvua za masika na mbu. Bagamoyo ni mahali ambapo Taasisi ya Afya ya Ifakara imefanyia majaribio makubwa ya chanjo za malaria, yakiwemo ya RTS,S na R21, kwa sababu malaria ilikuwapo ya kutosha kuyapa majaribio hayo maana. Malaria hiyohiyo ndiyo iliyofanya selimundu ikae katika damu ya watu wa ukanda huu kwa maelfu ya miaka.

Uhusiano huo uligunduliwa Afrika Mashariki. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika akipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona kwamba wabebaji wa himoglobini S walikuwa wengi pwani na kandokando ya maziwa makuu, na wachache kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake kwamba mtu mwenye nakala moja tu ya jeni ya S hukingwa dhidi ya malaria kali. Tafiti za baadaye zilithibitisha kuwa kinga hiyo ni kubwa, karibu asilimia 90. Mtoto mwenye nakala mbili hafaidiki nayo. Kwake malaria ni mojawapo ya vitu vinavyomuua haraka zaidi, na chandarua kwake ni sehemu ya matibabu.

Jinsi ugonjwa unavyorithiwa ilielezwa wazi mwaka 1949 na James Neel wa Marekani, na mwaka huohuo na E. A. Beet, daktari aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya himoglobini, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala mbili za kawaida huandikwa AA. Mwenye moja ya kawaida na moja ya S huandikwa AS. Huyu ni mbebaji, si mgonjwa, na anaweza kuishi hadi uzee bila kujua. Mwenye mbili za S huandikwa SS, na huyo ndiye mgonjwa. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa robo kuwa SS, nusu kuwa AS na robo kuwa AA. Ni kama kurusha sarafu mbili kwa pamoja: matokeo ya jana hayaamui ya leo. Wapo wazazi waliopata watoto watatu wagonjwa mfululizo, na wapo wabebaji waliozaa sita wakiwa wazima wote, wasijue kamwe jambo walilolikosakosa.

Hapa ndipo madhara makubwa ya kutojua yanapoanzia, na hayaishii mwilini. Mtoto wa SS huzaliwa akionekana mzima kabisa, kwa kuwa miezi ya mwanzo hulindwa na himoglobini aliyotoka nayo tumboni. Inapofika karibu miezi sita, vidole vya mikono na miguu huvimba, huwa vya moto, na mtoto hulia akishikwa. Nyumbani huanza kukandwa kwa maji ya moto, huvalishwa hirizi, hupelekwa kwa mganga. Akifariki, na wa pili akaanza vilevile, maneno hugeukia kwa mama: ana mkosi, kizazi chake kina kasoro, ameingiza kitu kwenye nyumba ya watu. Wanawake wameachwa kwa maneno hayo. Lakini mtoto wa SS hawezi kupata ugonjwa huu kwa mama peke yake; lazima baba naye awe ametoa nakala ya S. Kama kuna ujumbe mmoja wa sayansi unaostahili kusemwa kwa sauti kwenye kila baraza la kijiji, ni huo.

Kupima si jambo moja. Kipimo cha zamani, ambacho maabara nyingi ndogo zinacho, huchanganya tone la damu na dawa inayoondoa oksijeni, kisha chembe hutazamwa kwa hadubini kuona kama zinajikunja. Kinaonyesha kuwa S ipo, lakini hakitenganishi AS na SS, na kwa mtoto mchanga kinaweza kusema hakuna kitu wakati ugonjwa upo. Watu wazima wenye afya kabisa wamewahi kurudi nyumbani wakidhani ni wagonjwa kwa sababu ya karatasi iliyoandikwa neno moja tu, chanya. Jibu kamili hutoka kwenye elektroforesisi ya himoglobini, ambapo damu hupitishiwa umeme na aina za himoglobini hujitenga, au kwenye mashine nyingine za maabara kubwa zinazofanya kazi hiyo. Katika miaka ya karibuni vimekuja pia vipimo vya haraka vinavyofanana na kile cha malaria kinachojulikana katika kila zahanati: kidole huchomwa, tone huwekwa, na baada ya dakika chache mistari husomwa. Hivi hutenganisha A na S, na vinaweza kutumika hata kwa mtoto aliyezaliwa leo.

Kwa watoto wachanga njia iliyozoeleka ni tone la kisigino. Muuguzi hupasha mguu joto kidogo, huchoma pembeni mwa kisigino na kuepuka katikati palipo karibu na mfupa, hufuta tone la kwanza, kisha huacha yanayofuata yadondoke kwenye karatasi nene yenye miduara iliyochorwa. Kila mduara lazima ujae na ulowe hadi upande wa pili. Karatasi hukaushwa kivulini kwa saa kadhaa na kutiwa kwenye bahasha. Haihitaji barafu wala jokofu. Inaweza kutoka Miono kwa pikipiki na basi hadi maabara ya mjini bila kuharibika, na kwa sehemu yenye barabara za vumbi hilo ni jambo kubwa.

Kwamba njia hiyo inawezekana Tanzania imekwisha kuonyeshwa. Muhimbili, ambako programu ya selimundu inayoongozwa na Profesa Julie Makani ilianza kuandikisha wagonjwa mwaka 2004, ilipima watoto wachanga 3,981 jijini Dar es Salaam kati ya 2015 na 2016. Walipatikana 31 wenye ugonjwa na 505 wabebaji, yaani karibu mtoto mmoja katika kila wanane. Kanda ya Ziwa, watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walifanya jambo la busara zaidi. Walichukua karatasi za damu zilizokwisha kukusanywa kwa ajili ya kupima VVU kwa watoto waliozaliwa na mama wenye virusi, wakazipima tena kwa selimundu. Kati ya watoto zaidi ya 17,000, asilimia 20.3 walikuwa wabebaji na asilimia 1.2 wagonjwa. Uganda ilikuwa imetumia mbinu hiyohiyo kabla yao na kupata asilimia 13.3 ya wabebaji nchi nzima. Kwa kiwango cha Kanda ya Ziwa, watu wakioana bila kuchagua, ndoa moja katika kila 25 hivi huwakutanisha wabebaji wawili.

Takwimu hizo zina thamani pale tu mzazi anapoelezwa maana yake, na kazi hiyo ndiyo huitwa ushauri nasaha wa vinasaba. Jina la kazi hii lilitolewa na Sheldon Reed huko Minnesota, Marekani, mwaka 1947, na msingi alioutaka umedumu: mshauri hueleza, husikiliza, huacha wenyewe waamue. Hasemi oaneni wala msioane. Hasemi zaeni wala msizae. Huanza kwa kuuliza habari za familia, nani alikuwa akiumwa mifupa, nani alikufa mdogo, nani aliongezewa damu mara kwa mara, na huchora ukoo wa pande zote mbili kwenye karatasi. Kisha huchora mraba uliogawanywa mara nne, huandika A na S za baba juu na za mama pembeni, na kuwaachia wazazi wajaze wenyewe. Mraba huo mdogo umekuwa ukifanya kazi kubwa kuliko mihadhara mirefu, kwa sababu baba anayejaza S yake kwa mkono wake hana tena wa kumlaumu.

Mambo kadhaa ya ukanda huu humfanya mshauri aliyesomea mjini ahitaji kujifunza upya. Kwa desturi za kale Wakwere na Wazigua huhesabu ukoo upande wa mama. Mjomba ana sauti kubwa kuliko baba katika mambo ya watoto wa dada yake. Mtu aliyelelewa hivyo anaweza kuamini kwamba maradhi ya upande wa baba si yake. Vinasaba havifuati hesabu hiyo. Hutoka pande mbili kwa usawa. Halafu kuna ndoa za binamu, ambazo pwani ni za kawaida na zinaheshimiwa. Watoto wa ndugu wawili wanashiriki sehemu moja ya nane ya vinasaba vyao, kwa hiyo mbebaji akimwoa binamu yake, uwezekano wa kumkuta naye ni mbebaji huongezeka. Lakini ni kosa kubwa kuhubiri kwamba tatizo ni ndoa za ndugu. Mahali ambapo mtu mmoja kati ya wanane au watano ni mbebaji, mchumba wa kutoka Lindi au Kigoma anaweza kuwa na S vilevile.

Jambo jingine ni siri. Vipimo vya vinasaba vinajulikana zaidi na umma wa Tanzania kupitia kesi za kutafuta baba wa mtoto, zinazopelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Kipimo cha selimundu hakifanywi kwa lengo hilo, lakini kinaweza kufichua. Mtoto akiwa SS na mume wa mama akawa AA, swali linajitokeza lenyewe mezani. Mshauri aliyefundwa humwona mama peke yake kwanza, huomba ridhaa kabla ya kumpima baba, na huhakikisha jibu halisomwi mlangoni mbele ya foleni. Pia hukumbuka kuuliza kama mtoto ameongezewa damu miezi mitatu iliyopita, kwa sababu damu ya mchangiaji huficha jibu la kweli. Na hufafanua tofauti ambayo wengi huichanganya: kujua kundi la damu, O au B, hakusemi lolote kuhusu AS na AA. Wachumba wengi huleta karatasi ya kundi la damu wakiamini wamemaliza.

Nchi nyingine zimefika mbali, na kuna ya kujifunza kwa pande zote. Bahrain na Saudi Arabia zililazimisha upimaji kabla ya ndoa mwaka 2004. Saudi Arabia haikuwakataza wabebaji kuoana. Iliwapa jibu na ushauri tu. Mwanzoni karibu wachumba tisa kati ya kumi walioambiwa wote wawili ni wabebaji waliendelea na harusi, kwa sababu kadi zilikwisha kusambazwa na mahari kupokewa. Kufikia mwaka 2009 karibu nusu walikuwa wakivunja uchumba, baada ya elimu kuenea na watu kuzoea kupima mapema. Marekani ni onyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 majimbo kadhaa yaliwalazimisha Wamarekani weusi kupima bila elimu wala ushauri, wabebaji wakachanganywa na wagonjwa, na watu wakanyimwa kazi na bima. Chuo cha Jeshi la Anga kiliwazuia wabebaji kujiunga hadi mwaka 1981.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka notisi ya siku 21 kabla ya ndoa kufungwa. Wapo wanaopendekeza upimaji ufanywe katika kipindi hicho. Kwa ushahidi wa Saudi Arabia, siku 21 zimekwisha kuchelewa. Wakati ufaao ni shule ya sekondari na mwaka mmoja au miwili baada yake, kabla moyo haujachagua, au kliniki ya wajawazito kwa walio tayari kwenye ndoa. Kulazimisha hakufai. Mahali ambapo kuvunjika kwa uchumba humwachia binti jina baya na kijana akaenda kuposa mtaa wa pili bila swali, amri ya kupima ingewaumiza wasichana kwanza.

Wabebaji wawili waliokwisha kuoana hawabaki bila njia. Katika nchi tajiri mimba hupimwa mapema, au mayai hutungishwa maabara na kuchaguliwa. Tanzania njia hizo hazifikiki kwa mtu wa kawaida, na sheria hairuhusu kutoa mimba isipokuwa kuokoa uhai wa mama. Kilicho karibu, tena chenye nguvu, ni kumjua mtoto mgonjwa ndani ya majuma ya kwanza ya maisha. Bila matunzo, makadirio ya Afrika husema kati ya nusu na tisa ya kumi ya watoto hawa hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Akijulikana mapema hupewa penisilini kila siku hadi miaka mitano, chanjo kamili, kinga ya malaria na asidi ya foliki. Dawa ya haidroksiyurea hupunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu. Na mama hufundishwa kushika bandama. Humlaza mtoto chali, hupapasa kwa vidole upande wa kushoto chini ya mbavu, na kujua ukubwa wake wa kila siku, ili siku likivimba ghafla na mtoto akapauka, asingoje asubuhi. Jamaika ilipunguza vifo vya aina hiyo kwa kuwafundisha akina mama jambo hilohilo, bila mashine yoyote.

Tiba za kuponya zipo, nazo ni za wachache. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wa selimundu mwaka 2023, hatua ya kujivunia kwa nchi, ingawa huhitaji ndugu anayelingana na mgonjwa na fedha nyingi. Uingereza na Marekani ziliidhinisha mwishoni mwa mwaka huohuo tiba ya kuhariri jeni iitwayo Casgevy, ambayo Marekani huuzwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Ushauri huu hauishii kwenye selimundu. Ualbino nao hurithiwa kwa mpango uleule wa nakala mbili, na wazazi wenye ngozi nyeusi wote wawili huweza kumzaa mtoto mwenye ualbino kila mmoja akiwa ametoa nakala moja. Maelezo ya mraba ule yangewaokoa akina mama wengi na tuhuma za uzinzi. Himofilia ni tofauti: mara nyingi hupita kwa mama asiyeumwa na kumkuta mtoto wa kiume. Mshauri lazima ajue kila ugonjwa na njia yake.

Kwa mkazi wa Miono ngazi ya huduma huanzia zahanati na Kituo cha Afya Miono, hupanda hadi Hospitali ya Wilaya iliyoko Msoga, kisha Tumbi, Kibaha, na mwisho Muhimbili. Nauli, siku mbili za shamba na mahali pa kulala mjini hufanya wengi waishie ngazi ya kwanza. Kwa hiyo huduma inapaswa kushuka. Wauguzi wa kliniki za mama na mtoto wamekwisha kufundishwa kutoa ushauri nasaha wa VVU, kutunza siri na kuchukua tone la kisigino kwenye karatasi. Kuwaongezea mafunzo ya mraba wa A na S, na kuwapelekea vipimo vya haraka pamoja na vya malaria, ni gharama ndogo kuliko ya kumwongezea mtoto mmoja damu kila baada ya miezi michache. Wizara ya Afya na Halmashauri ya Chalinze zinaweza kuanza na wajawazito wa kata chache kisha kuendelea. Na mzazi ambaye mtoto wake huvimba vidole au huishiwa damu mara kwa mara asingoje mpango huo: amchukue na kadi yake ya kliniki, aende kituo cha afya, na aombe kwa jina apimwe himoglobini ya selimundu, baba na mama wakiwapo wote wawili.